Kamera inazima giza likiingia: kutafuta ubovu wa volti kwenye bodi za PoE za bei rahisi

Kamera inafanya kazi vizuri mchana kutwa. Ikifika saa moja jioni inazima, inawaka, inazima tena, na asubuhi imetulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye nyumba anaambiwa kamera ni mbovu, inanunuliwa nyingine, na usiku ule ule hiyo mpya nayo inaanza. Giza likiingia taa za infraredi huwaka, na kamera iliyokuwa ikila ampea 0.3 kwa volti 12 sasa inataka 0.7 au 0.8. Bodi ndogo inayopokea umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye waya ule ule wa mtandao) na kuushusha kuwa volti 12 inashindwa kuubeba mzigo huo. Volti zinaanguka, kamera inajizima, mzigo unapungua, volti zinarudi, mchezo unaanza upya.

Mwongozo huu ni wa fundi wa kamera na mtandao anayehangaika na splita (vijiboksi vinavyotenganisha umeme na mtandao) za volti 12 au 5 zinazoning'inia nyuma ya kamera, bodi tupu zilizofungwa ndani ya maboksi ya WiFi za hosteli na ofisi, na bodi zinazopandisha volti za sola. Kanuni inayoongoza kazi yote ni hii: volti zilizopimwa bila mzigo hazithibitishi kitu. Pima mzigo ukiwa umeunganishwa, anzia kwenye swichi, malizia kwenye plagi ya kamera, na usiyeyushe lehemu hata moja kabla hujajua volti zinapotelea wapi.

Vya kuandaa

Multimita yenye betri nzima. Betri ikichoka, mita inadanganya kwa juu. Rezista za mzigo: kwa volti 12 tafuta mbili za omu 27, wati 10, zile nyeupe ndefu. Moja inavuta ampea 0.44, mbili zikiwekwa sambamba zinavuta 0.89. Kwa volti 5 inatosha moja ya omu 4.7, wati 10, inayovuta karibu ampea 1.06. Zinachemka kweli, ziweke juu ya kigae au kipande cha tofali. Bulbu ya gari haifai kwa kazi hii, kwa sababu nyuzi yake ikiwa baridi huvuta mkondo mara kadhaa kuliko ikiwa imewaka, na bodi nzima kabisa inaweza kujikata ukadhani ni mbovu.

Tengeneza pia kebo ya kupimia. Chukua kipande cha mita moja chenye RJ45 pande zote, kikate katikati, kiunge tena kwa konekta za skrubu, waya kwa waya. Hapo unaweza kugusa kila waya huku umeme unapita. Kwa mpangilio wa rangi wa T568B, pini 4 na 5 ni jozi ya bluu, 7 na 8 ni kahawia, 1 na 2 ni chungwa, 3 na 6 ni kijani. Umeme unapita ama bluu dhidi ya kahawia, ama chungwa dhidi ya kijani. Pima zote mbili.

Hatua ya 1: jua ni PoE ya aina gani

Swichi inayofuata kanuni za PoE za 802.3af au 802.3at (kwa kifupi af na at) haimwagi volti 48 ovyo. Kwanza inapeleka volti chache, kati ya 2.7 na 10 hivi, ikitafuta rezista ya kiloomu 25 upande wa pili. Ikiipata inapanda hadi kati ya 15.5 na 20.5 kuuliza kifaa ni cha daraja gani la wati, ndipo inafungulia umeme kamili: volti 44 hadi 57 kwa af, 50 hadi 57 kwa at. Mlango wa af unatoa wati 15.4, na baada ya hasara ya waya kifaa kinahesabiwa wati 12.95. Kwa at ni wati 30 na 25.5.

PoE ya pasivu haiulizi chochote. Ukichomeka mita kwenye injekta yake (kijiboksi kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao) bila kifaa unakuta volti 12, 24 au 48 zimetulia pale. Kwenye mlango wa af usio na kifaa mita itaruka-ruka kwenye volti chache tu. Huo ndio mtihani, na usiuruke. Injekta ya pasivu ya volti 48 ikiingia kwenye boksi la WiFi la volti 24 inaliua papo hapo. Kinyume chake, injekta ya volti 24 kwenye bodi ya af haitaiamsha, kwa sababu bodi hizo hungoja volti zipite 36 hivi ndipo zifungue mlango. Bodi ya namna hiyo mara nyingi inatupwa ikiwa nzima kabisa.

Hapa fanya pia hesabu moja ya lebo. Splita ya af imeandikwa volti 12, ampea 2. Hizo ni wati 24. Wati zinazoingia hazizidi 12.95, na bodi inapoteza walau asilimia 15 kwa joto, kwa hiyo zinazobaki ni kama 11, yaani ampea 0.9. Lebo hiyo ni ya uongo kabla hata hujafungua boksi. Kamera inayotaka ampea 1 usiku haitakaa hapo, fanya utakalofanya.

Hatua ya 2: waya upewe haki yake

Waya wa shaba wa kawaida una kama omu 8.4 kwa kila mita 100. Waya mbili zikibeba kwenda na mbili kurudi, mzunguko mzima wa mita 80 unakuwa omu 6.7. Bodi ya volti 48 inayovuta ampea 0.25 inapoteza hapo volti 1.7 tu. Waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa madukani na bei yake inavutia, upinzani wake ni karibu mara 1.6 ya ule wa shaba, na bado hasara ni volti 2.7. Kwa hiyo kwenye volti 48, urefu wa waya peke yake ni nadra kuwa mkosaji. Ukiona zimepotea volti 6 au 10 kati ya swichi na bodi, tafuta kiungo kibovu: RJ45 iliyobanwa kwa koleo chakavu, waya mmoja wa jozi uliokatika ndani, maungio ya kusokota juu ya dari.

Kwenye pasivu ya volti 12 mambo yanageuka. Kamera ya ampea 0.8 kwenye waya ule ule wa mita 80 inapoteza volti 5.4, na kinachofika ni 6.6. Hakuna bodi ya kulaumiwa hapo. Wazo la kupeleka volti 12 umbali huo ndilo baya tangu mwanzo.

Bodi za kushusha volti zina tabia moja ya kuizingatia. Volti za kuingia zikishuka, bodi inavuta mkondo zaidi ili itoe wati zile zile. Mkondo ukiongezeka, kiungo kibovu kinakula volti zaidi. Ndiyo maana kiungo kinachoonekana kizima kwa mzigo mdogo kinaporomoka ghafla usiku. Pima kwenye kebo ya kupimia rezista zote mbili zikiwa zinavuta. Kwenye bodi zikiwa chini ya volti 37 kwa af, rudi kwenye waya.

Hatua ya 3: pima kinachotoka, mara tatu

Chomoa kamera. Pima bila mzigo, kisha na rezista moja, kisha na mbili, na andika namba zote tatu. Volti 12 inakubalika kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Kila namba ya mzigo iache dakika kumi, maana bodi nyingi zinasema kweli zikishapata joto.

Volti zikiwa juu sana, mathalani 18 au 30 mahali pa 12, usirudishe kamera hata kwa sekunde moja. Bodi imepoteza habari ya volti zake yenyewe, na hatua ya 4 itakuonyesha wapi.

Zikiwa sawa bila mzigo na kuanguka kwa mzigo, shuku kapasita ya kutolea, koili, dayodi, au aisi (chipu inayorekebisha volti) iliyozidiwa uwezo.

Zikipanda na kushuka kila baada ya sekunde moja hivi, weka mita upande wa kuingia. Volti za kuingia zikiwa zimetulia, bodi inajilinda dhidi ya shoti au mzigo mkubwa. Zikikatika nazo, anayekata ni swichi. Na swichi hukata kwa sababu mbili zinazopingana: mzigo kuzidi, au mzigo kuwa mdogo mno. Kwa kanuni za PoE kifaa lazima kivute walau miliampea 10, la sivyo swichi inahesabu kimechomolewa. Kitasa cha umeme au kihisio kidogo kwenye splita kinaweza kuangukia hapo. Dawa ni rezista ya omu 270, wati 1, kwenye plasi na mainasi za volti 12; inavuta kama nusu wati na swichi inatulia. Rezista hiyo hiyo inatuliza bodi zenye transfoma ambazo bila mzigo hupanda hadi volti 13 au 14.

Hatua ya 4: pini ya marejeo

Hapa ndipo ubovu mwingi hujitaja wenyewe, na mafundi wengi hupapita. Kila bodi ya kurekebisha volti ina mahali inapoonja volti zake na kuzilinganisha na kipimo cha ndani. Kwenye LM2596, aisi ya kushusha volti, ni pini ya 4, na kipimo ni volti 1.23. Pini ya 3 ni mainasi, ya 1 ni kuingia, ya 2 ni kutoka. Weka mainasi ya mita kwenye pini ya 3, ncha nyekundu nyembamba kwenye pini ya 4, mzigo ukiwa umewekwa, na uwe mwangalifu mno: pini ya 3 na ya 5 ziko pembeni yake na mkono ukitetereka umeigusisha.

Ukikuta 1.23 kamili na volti za kutoka si sahihi, aisi ni nzima, rezista za kugawa volti ndizo zimehama. Ukikuta chini ya 1.23 na volti za kutoka ziko juu, habari haifiki: rezista ya juu imekatika, au ile skrubu ndogo ya kurekebishia imelegea ndani. Ukikuta chini ya 1.23 na volti za kutoka ziko chini pia, aisi inajua kuna upungufu lakini haiwezi kuujaza. Tazama kinachoingia, koili, na aisi yenyewe. Ukikuta juu ya 1.23 na volti ziko juu, aisi imeshikana kwa ndani. Itoe.

Skrubu ya kurekebishia sipendi iachwe kwenye bodi itakayokaa juu ya nguzo. Vumbi la ukanda wetu wa Dodoma linaingia, mguso unakatika, na mguso ukikatika volti zote za kuingia zinaelekea kwenye kamera. Iondoe, weka rezista za kudumu za asilimia 1. Kutoka pini ya 4 kwenda mainasi weka kiloomu 1. Kutoka kwenye plasi ya kutoka kwenda pini ya 4, kwa volti 12 unganisha kiloomu 8.2 na omu 560 kwa mfululizo. Kwa volti 5, kiloomu 3 na omu 68.

Bodi yenye transfoma ndogo na optokapla (kipuri kinachopitisha habari kwa mwanga) ya miguu minne kama PC817 inaonja kwa TL431, aisi ndogo ya kulinganisha volti, na kipimo chake ni volti 2.5. Usomaji ni ule ule, isipokuwa optokapla iliyochoka nayo huleta volti za juu hata TL431 ikiwa nzima. Ni kifaa cha bei ndogo. Ukishafungua bodi ya namna hiyo, ibadilishe tu.

Hatua ya 5: soma namba za vipuri

Bodi za bei rahisi hufa kwa sababu zimewekewa vipuri vya volti 40 kwenye njia inayoweza kufika 57. LM2596 ya kawaida mwisho wake ni volti 40. Yenye HV mwishoni ni 60, inafaa lakini bila akiba. XL7015, aisi nyingine ya kushusha volti, inavumilia 80, lakini ampea zake ni 0.8 tu, kwa hiyo kamera yenye infraredi kali inaikuta ukingoni kabisa.

Dayodi nyeusi iliyo kando ya koili inapokea kinyumenyume volti zote za kuingia. SS34 ni ya volti 40. Kwenye volti 48 inaishi kwa bahati. Weka SS310, ya volti 100, inaingia kwenye nafasi ile ile. Kapasita ya kuingia ikiwa imeandikwa 50V, itoe hata kama haijavimba. Weka ya 63V, au 100V ikipatikana. Ya kutolea weka maikrofaradi 470, 25V, ya nyuzi 105, aina ya upinzani mdogo wa ndani.

Kapasita iliyochoka unaweza kuijua bila mashine: mzigo ukiwa umewekwa, gusisha kapasita nzima ya maikrofaradi 470 sambamba nayo, plasi kwa plasi. Volti zikirudi juu, umempata. Multimita ikiwekwa kwenye volti za AC ikaonyesha zaidi ya 0.1 nayo ni dalili, ila ikionyesha sifuri usijipongeze, maana multimita nyingi hazioni mitetemo ya kilohezi 150.

Koili ina hesabu yake. Kutoka 48 hadi 12 kwa kilohezi 150, koili ya maikrohenri 47 inayumbisha mkondo kwa ampea 1.3 kila mzunguko, hivyo kwa mzigo wa 0.9 kilele kinafika 1.5. Koili nyembamba ya ampea 1 inashiba, inachemka, volti zinaanguka. Maikrohenri 150 inashusha kilele hadi 1.1. Tatizo hili linazidi kwa aisi bandia: LM2596 halisi inapiga kilohezi 150, nakala nyingi zinapiga karibu 50, na hapo kilele kinapita ampea 2.5 kwenye koili ile ile. Bodi yenye aisi bandia, SS34 na kapasita ya 50V kwa pamoja usiifufue. Vipuri vitazidi bei ya bodi nzuri.

Baada ya radi kuna kipuri kingine cha kutazama: dayodi ya kinga kwenye mlango wa kuingia, mara nyingi SMAJ58A. Kazi yake ni kufa kabla ya bodi, na ikifa huwa shoti. Mita ikisoma karibu sifuri omu pande zote mbili, itoe, pima tena, na shoti ikiondoka weka mpya. Usiiache nafasi wazi kwa sababu bodi inawaka bila hiyo. Mvua zetu hunyesha Desemba hadi Aprili na radi zake hazina simile kwenye nguzo ndefu za uwanda wazi. Ardhi kavu ya mchanga nayo inapitisha umeme vibaya, hivyo fimbo moja fupi ya ethi haitoshi. Zika mbili, ziachane walau kwa urefu wa fimbo, na uziunge kwa waya mnene.

Hatua ya 6: joto la boksi

Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaongeza umri maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Ikikaa kwenye nyuzi 85 ina saa 8,000, hata mwaka haitimizi. Ikikaa kwenye 65 ina saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tofauti hiyo unaipata kwa kuhamisha boksi tu: kutoka juu ya bati kwenda chini ya ukingo wa paa, upande wa kusini wakati wa Juni, lakini Novemba na Desemba jua linapita kusini mwetu, kwa hiyo angalia kivuli cha miezi ya joto ndipo utoboe ukuta. Boksi liwe jeupe, tundu la waya litazame chini, na bodi isigande kwenye kifuniko kinachopigwa na jua.

Kwa wenye sola

Kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo au maghala yasiyofikiwa na umeme, bodi inapandisha volti 12 za betri hadi 48. Kutoa wati 13 betri ikiwa volti 11 kunahitaji kama ampea 1.4 upande wa betri, na waya mwembamba wa mita tano hapo unaharibu kila kitu. Pima kwenye skrubu za bodi yenyewe, alfajiri, kabla jua halijaanza kuchaji. Saa nane mchana betri ina volti 14 na kila bodi inaonekana nzuri. Kumbuka pia kwamba nyingi ya bodi hizi ni pasivu, rudi hatua ya 1.

Kabla ya kuirudisha juu

Funga bodi ndani ya boksi lake, kifuniko kikiwa kimebanwa, rezista mbili za mzigo zikiwa nje. Iache saa moja, pima, iache saa nyingine, pima tena. Namba ya pili ikishuka kwa zaidi ya volti 0.2 kuna kitu bado kinachemka. Gusa koili na dayodi mara tu baada ya kuchomoa umeme. Ikitulia, ipeleke, ziba kihisio cha mwanga cha kamera kwa kidole au kitambaa cheusi ili infraredi ziwake mchana huo huo, na pima kwenye plagi ya kamera. Andika ndani ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika: tarehe, volti za kuingia na za kutoka zikiwa na mzigo, na namba ya aisi iliyomo.